Tumsubiri Shemegi?

Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku 28. Haikusema akaitumie wapi, na pengo hilo ukoo wangu umelijaza vizuri: msiba, kipaimara, ujenzi wa choo cha kijijini, harusi ya mtoto wa binamu nisiyemjua hata sura. Safari hii nikatangaza kwamba naenda Unguja kupumzika, peke yangu. Mama mdogo akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza kwa upole wa msibani, "Kwani mmegombana?" Nilipomaliza kumweleza kwamba hakuna aliyegombana na mtu, akaniagiza karafuu, mdalasini na doti mbili za kanga.

Kwa hiyo ndugu yangu, usitangaze. Mwambie mtu mmoja tu, mwenye kifua, ajue unalala wapi na unarudi lini. Wengine watakuona ukisharudi.

Bandarini Dar, kata tiketi mwenyewe dirishani, kitambulisho mkononi. Vishoka wakimwona mtu peke yake na begi, kila mmoja anayo tiketi "ya haraka", kana kwamba boti itamfikisha yeye kwanza na wengine baadaye. Panda ya asubuhi. Ni mwendo wa saa mbili hivi, utafika jua lingali juu. Vichochoro vya Mji Mkongwe si vya kujifunzia usiku huku unaburuta begi la magurudumu. Papasi, vishoka wa Unguja, wakikuzunguka ukishuka bandarini Malindi, waambie unapokelewa na shangazi yako wa Mwanakwerekwe. Shangazi huyo hayupo, lakini anaheshimika sana.

Sasa njoo kwenye chumba. Mpokezi akaandika jina langu, kazi yangu, nitokako na niendako, halafu akachungulia nyuma ya bega langu kumtafuta mwenzangu. "Bei ni ya chumba, dada, si ya mtu." Kitandani nikakuta taulo mbili zimekunjwa umbo la mabata wanaobusiana, maua mekundu katikati. Mabata wote wawili nimewalipia mimi! Ndiyo maana asubuhi nadai mayai ya watu wawili, na wewe dai bila haya. Ukiweza kuvumilia mvua, nenda wakati wa masika, Machi hadi Mei. Vyumba vinakuwa vitupu, na hata mwenye nyumba mgumu hulegea ukibembeleza.

Balaa lenyewe ni chakula cha jioni. Unakaa, kijana anakuja na menyu mbili. "Dada, tuanze au tumsubiri shemegi?" Ukimwambia hakuna shemegi, anaondoa uma na kisu cha pili taratibu, kama mtu anayefunika maiti, na usiku kucha anakuhudumia kwa huruma. Siku hizi nasema shemegi anatafuta pa kuegesha gari. Kwa Mji Mkongwe ulivyobanana, hakuna anayeshangaa asipotokea kabisa.

Ukichoka na uongo, nenda Forodhani. Urojo ni bakuli la mtu mmoja, mishikaki inahesabiwa kwa kijiti, na unakula umesimama bila kuulizwa ndoa yako. Uliza bei kabla hujaonja, na chagua kinachopikwa mbele ya macho yako; yule pweza aliyeshinda chini ya taa mwachie mwenye bima.

Bahari nayo imepangwa kwa watu wawili: mmoja aogelee, mwingine alinde mkoba. Wewe simu iache chumbani, nauli ifunge kwenye pindo la kanga, kanga mwachie muuza madafu uliyekwisha kumwungisha. Kisha muulize mvuvi habari za maji. Paje na Jambiani yakipwa yamepwa kweli. Unabaki na mchanga, akina mama wa mwani, na maji ya magotini huko mbali. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kama dakika 50, na kipindi cha bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndiyo usiseme. Usitembee mbali kuyafuata, maana yakirudi huna mwenzako wa kukuita. Ukitaka kuogelea saa yoyote, nenda Nungwi.

Na picha? Simu mpe mama mwenye mtoto mgongoni au mzee mwenye bakora. Watakukata kichwa kwenye picha, lakini hawatakimbia.

Wenye nyumba za wageni, nanyi nisikieni. Mtu mmoja hulala upande mmoja wa kitanda, hutumia taulo moja, hula samaki mmoja, na hana wa kugombana naye usiku wageni wengine wakakosa usingizi. Andikeni bei yake ukutani, na mabata wenu mkae nao.