Mgeni Njoo, Hospitali Ipone

Ukitaka kujua kama hospitali inakaribia kukaguliwa, usimuulize mtu. Nusa. Hospitali ninayofanyia kazi, ya binafsi hapa Dar es Salaam, ilipopokea barua ya wakaguzi wa ithibati, mafundi rangi waliingia kazini kabla wakuu wa idara hawajaitwa kwenye kikao. Wodi ya wanaume ilipakwa rangi kuanzia dari hadi sakafu, na wagonjwa wa pumu waliokuwa wameshapewa ruhusa ya kwenda nyumbani wakabanwa upya, ruhusa zikafutwa.

Mimi ni muuguzi, ila nimeongezewa cheo cha mratibu wa ubora, cheo ambacho posho hakina lakini mafaili kinayo. Kazi yangu ilikuwa kuwaandaa wafanyakazi. Kuandaa wafanyakazi kwa ukaguzi maana yake ni kuwafundisha watu mambo ambayo wengi wao wanayafanya kila siku, kwa lugha ambayo hawajawahi kuitumia, ili wamweleze mgeni ambaye anayajua kuliko wao.

Tulianza na dhamira. Kila hospitali inayo dhamira, imetundikwa mapokezi ndani ya fremu, na hakuna anayeisoma isipokuwa mgonjwa aliyesubiri sana. Yetu ni sentensi moja ndefu yenye huduma bora, shirikishi, endelevu, zenye kumjali mteja. Ukiisema bila kupumzika utaomba oksijeni. Uongozi uliagiza kila mtu aikariri, kuanzia daktari bingwa hadi dobi. Asubuhi ungepita korido za hospitali yetu ungedhani umeingia madrasa.

Sista mmoja wa wodi ya wazazi, mchapakazi aliyewapokea watoto wengi wa mtaa wetu, alipata ufumbuzi wake: aliiandika dhamira nzima kiganjani kwa kalamu ya wino. Siku ya majaribio mimi ndiye niliyejifanya mkaguzi. Nikamkuta mlangoni amekunja ngumi, uso mtulivu wa mtu aliyejiandaa. Nikamwambia, "Sista, kabla ya yote, hebu nioneshe unavyonawa mikono."

Kunawa kwa sabuni na maji, kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, huchukua sekunde 40 hadi 60: kiganja kwa kiganja, mgongo wa mkono, katikati ya vidole, vidole gumba, ncha za kucha. Sabuni siku hiyo ilikuwapo, tena mpya. Alinawa vizuri kupita kiasi. Povu likawa bluu. Alipofika kwenye ncha za kucha, "shirikishi" na "endelevu" zilikuwa tayari zinaelekea kwenye shimo la maji machafu. Nikamuuliza dhamira ya hospitali ni nini. Akatazama kiganja, akanitazama mimi, akasema, "Mama na mtoto watoke salama." Kwenye fomu yangu jibu hilo halikuwa na mahali pa kuwekewa alama, na nadhani kasoro ni ya fomu.

Somo la moto tulimletea mwalimu kutoka nje. Vuta pini, elekeza mpira kwenye kitako cha moto, bana, kisha fagia huku na huku. Hatua nne, mtoto wa chekechea angezishika. Tukawasha matambara ndani ya pipa nyuma ya jiko, na mtungi akakabidhiwa mlinzi wetu, mzee ambaye wote tunamwita Babu. Babu akazikariri hatua zote kwa sauti, akavuta pini, halafu akageuka kumuuliza mwalimu, "Hapa?" Kugeuka aligeuka na mpira, na kubana alibana. Poda nyeupe ilimkuta matroni ndani ya sare mpya aliyokuwa amewatunzia wageni. Matambara yaliungua yakaisha, moto ukajifia wenyewe. Ripoti ilisema: "Zoezi limefanyika na moto umezimika." Hakuna neno hata moja la uongo hapo.

Halafu kuna suala la kumtambua mgonjwa. Kanuni inataka utambulisho wa namna mbili kabla ya dawa, damu au kisu: jina kamili pamoja na tarehe ya kuzaliwa au namba ya faili. Namba ya kitanda haihesabiki, kwa kuwa wagonjwa huhamishwa, na huku Pwani kuwakuta akina Fatuma Juma wawili kwenye wodi moja si jambo la kushangaza. Kanuni hii inaokoa maisha, siifanyii mzaha. Lakini jaribu kuifuata kwa bibi wa miaka themanini na kitu.

"Shikamoo bibi. Naomba jina lako kamili."

"Marahaba. Si nilikutajia asubuhi?"

"Ulinitajia bibi, naomba tena. Na tarehe ya kuzaliwa?"

"Wakati wa vita vya Hitla. Mjukuu wangu, ugonjwa huo wa kusahau umekuanza lini? Na madaktari wote hawa, hakuna wa kukuangalia?"

Jioni muuguzi aliporudi na dawa akaanza tena na jina, bibi alimjibu pole pole, akaitamka kila silabi, kisha akampa chungwa. Alikuwa amemwonea huruma.

Watu hudhani adha hizi zimebuniwa juzi. Mwaka 1917 Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Marekani kilitunga masharti ya chini ambayo kila hospitali ilipaswa kuyatimiza, ukurasa mmoja tu. Mwaka uliofuata zikakaguliwa hospitali 692 zenye vitanda 100 au zaidi. Zilizofaulu zilikuwa 89. Kati ya zilizoanguka zilikuwamo zenye majina makubwa, na mwaka 1919, wakiwa mkutanoni New York, wakubwa wa chuo hicho waliichoma orodha ya matokeo kwenye tanuri la hoteli ya Waldorf-Astoria isije ikaangukia mikononi mwa waandishi wa habari. Niliwasimulia wafanyakazi kisa hiki ili kuwatia moyo. Fundi wetu wa jenereta akanyoosha mkono kuuliza wakaguzi wetu watafikia hoteli gani, na kama ina tanuri.

Siku ikafika. Mkurugenzi alikuwa ameshachora njia ya msafara: mapokezi, maabara, wodi ya wazazi, chai. Njia hiyo iliikwepa stoo kwa ufundi mkubwa. Wajapani walituletea 5S, utaratibu wa kupanga mahali pa kazi, na kwa Kiswahili tukaambiwa ni sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Sisi tulikuwa tumegundua S ya sita: sukumia. Mizani isiyopima, printa, vitanda vilivyokatika miguu, stendi za dripu, vyote tulivisukumia humo na kuubana mlango kwa bega.

Kumbe wakaguzi wa siku hizi hawafuati msafara. Wanachukua faili la mgonjwa mmoja na kufuata nyayo zake tangu getini, wakimhoji yeyote wanayemkuta njiani. Aliyekuja kwetu alikuwa mama mpole aliyevaa raba (mkaguzi akivaa raba, jua amekuja kutembea). Akachagua faili la kijana aliyevunjika mguu. Aliletwaje wodini? Kwa kiti cha magurudumu. Kiti kiko wapi? Kukawa kimya. Kiti kilikuwa kimekatika ekseli, na vilivyokatika wote tunajua vilipo.

Mlango ulipofunguliwa, stendi ya dripu ndiyo iliyotangulia kutoka, kisha mizani, kisha printa. Vumbi lilipotulia tukamwona Mama wa usafi, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kwenye kona. Uongozi ulikuwa umemwagiza asionekane siku hiyo, kwa kuwa hakuhudhuria mafunzo ya usafi. Ni kweli hakuhudhuria. Wakati sisi tunafundishana usafi, yeye alikuwa anasafisha.

"Mama, pole na kazi," mkaguzi akasema. "Damu ikimwagika sakafuni unafanyaje?"

"Nishapoa mwanangu. Kwanza navaa glavu. Hii jiki yetu ni ya asilimia tatu na nusu, kwa hiyo kikombe kimoja nakitilia maji vikombe sita. Namwagia, nasubiri dakika kumi, ndiyo nafuta. Tambara linakwenda kwenye ndoo ya njano, siyo nyeusi."

"Na kisanduku cha sindano?"

"Kikifika robo tatu nakifunga. Hawa manesi wanataka kijae mpaka sindano zichungulie. Nagombana nao kila siku."

Manesi, nami nikiwamo, tulikuwa tunaikagua dari, ambayo kwa kweli ilipakwa vizuri. Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Mkurugenzi, aliyeikariri dhamira pamoja na alama zake za mkato, hakuulizwa chochote hadi wageni wanaaga.

Ithibati tulipata, ila yenye masharti. Vilivyokufa viondolewe stoo na kufutwa kwenye daftari la mali, mafunzo yafanyike wodini badala ya ukumbini, na ukaguzi wa marudio utafuata. Mama wa usafi sasa ndiye anayewafundisha wageni kazini kuchanganya jiki, na manesi wanaofunga visanduku kwa kuchelewa wanampitia mbali.

Marekani, tangu mwaka 2006, wakaguzi wa Joint Commission, shirika la ithibati la huko, huingia hospitalini bila kutoa taarifa ya siku. Barua yetu ya marudio nayo imekuja hivyo hivyo: "muda wowote ndani ya mwaka huu." Mkurugenzi aliisoma, akaigeuza kutafuta tarehe nyuma ya karatasi, hakuiona, akawaambia mafundi rangi warudi makwao. Tangu wiki hiyo sabuni haijakosekana kwenye sinki hata moja. Wakaguzi, tafadhali, tarehe msitutajie.