Pikipiki Isiyopakia Abiria

Kaka mkubwa, shangazi, mjomba fundi, na wadogo zangu wote hapo Lushoto:  huku Yorkshire mvua ilianza Ijumaa, na ninapoandika bado haijaamua kuacha.

Nimepata ujumbe wenu kuhusu ile picha niliyopiga na mzee jirani yangu, tumesimama na pikipiki yake. Nimesikia kaka ameshapiga hesabu zote: pikipiki iingie kwenye kontena, ishukie bandari ya Tanga, ipandishwe mlimani, akabidhiwe kijana wa shangazi aendeshe boda, na kila jioni alete hesabu. Mpango mzuri kabisa. Ila kabla hamjamtangazia kijana, kaeni chini niwaeleze hicho chombo ni kitu gani.

Kwanza, haina kiti. Ile sponji mliyoiona pale nyuma ya tangi ni urembo tu, maana mwendeshaji anasimama wima kutwa nzima. Hakuna pa kukaa abiria, hakuna keria, hata kuku wa sikukuu hapati pa kufungwa. Gia zake ni fupi mno: ukiwa kwenye ya kwanza, mtu anayetembea kwa miguu anakupita, anageuka, anakuuliza habari za nyumbani. Upepo wa tairi la nyuma ni psi nne hivi. Ukifika stendi ya Lushoto na tairi la namna hiyo, vijana watakuonea huruma na kukusindikiza kwa fundi wa pancha. Huku ndivyo linavyotakiwa liwe, lilale juu ya jiwe na kuling'ang'ania.

Halafu gia inabadilishwa kwa mguu wa kulia na breki ya nyuma ipo kushoto, kama walivyozitengeneza Wahispania siku zile. Kijana wa shangazi siku ya kwanza atakanyaga breki, atabadili gia, na mtakwenda kumtoa mtaroni kule Soni.

Sasa sikilizeni kazi yake. Jumapili asubuhi, wanaume watu wazima, wengi wao wastaafu wenye wajukuu, wanapakia pikipiki hizi kwenye magari na kuzipeleka mtoni. Si kuziosha. Mto una mawe makubwa yenye utelezi, umewekewa alama kuonyesha njia, na wewe unatakiwa upite katikati bila kuweka mguu chini. Ukiugusisha mara moja unaandikiwa alama moja, mara mbili ni mbili, mara tatu au zaidi ni tatu. Ukianguka, ukisimama au ukitoka nje ya alama, unapewa tano. Ukimaliza unakwenda kwenye kipande kingine, nacho kina mawe. Hakuna mbio, na mwenye alama chache ndiye mshindi. Bingwa kamili ni mwenye sifuri. Shangazi, unaikumbuka ile ripoti yangu ya hesabu ya darasa la sita uliyoificha baba asiione? Huku ningebebwa juu kwa juu.

Mchezo huu unaitwa trayali, na msidhani ni wa juzi. Yale mashindano ya siku sita ya Scotland, ambayo makao yake ni Fort William chini ya mlima Ben Nevis, yalianza kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na hadi leo kila Mei watu wanakwenda kulowana kwa hiari na kwa kiingilio.

Nilikwenda kumtazama mzee. Ana miaka sabini na kitu, ngazi za nyumbani kwake anazipanda huku ameshika ukuta. Lakini alipoingia mtoni akawa mtu mwingine. Magoti ameyakunja kidogo, kidole kimoja kipo kwenye klachi, injini inadunda polepole hadi ukadhani inazima. Gurudumu la mbele likapanda jiwe, la nyuma likateleza pembeni. Mguu wake wa kushoto ukaacha kikanyagio, ukashuka, ukaning'inia shubiri moja juu ya maji, akausitisha hapo hapo na kuurudisha mahali pake. Mama mmoja mwenye koti la mvua, anayejitolea kuandika alama, aliukodolea macho ule mguu kama karani wa mizani anayemwona dereva wa lori anatabasamu. Akaandika sifuri. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mwenzake mmoja tu alitamka kwamba si vibaya, na hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote hapa Yorkshire. Inayozidi hapo huwa inasomwa kwenye mazishi.

Nikamweleza mzee kwamba mto wake huo ndio njia yetu ya kupanda Mlalo wakati wa masika, ila yetu haina alama pembeni wala mama wa kuandika. Kijana wa shangazi anaipita kila siku na Boxer ya mtu, abiria wawili na gunia la viazi, na mguu haushuki chini kwa sababu ukishuka abiria nao watashuka bila kulipa. Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, kwa heshima zote, huyo kijana anaweka upepo kiasi gani kwenye tairi.

Kinachonichekesha zaidi ni hizi shokapu. Mzee na wenzake hawataki pikipiki mpya za mchezo huu, wanashikilia za zamani zenye shokapu mbili nyuma, kushoto moja na kulia moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Yamaha waliingiza sokoni yenye shokapu moja katikati, viwanda vingine vikafuata, na zile za mbili zikatupwa mabandani. Sasa zinatafutwa kwa udi na uvumba na zina mashindano yake peke yake. Nami nawaza stendi nzima ya Lushoto, Boxer kwa TVS, kila moja ina shokapu mbili nyuma na hakuna mtu aliyewahi kuziita kumbukumbu ya taifa.

Ya mzee ni Bultaco Sherpa, kutoka Barcelona. Kwenye tangi ina nembo ya kidole gumba. Mwenye kiwanda, Francisco Bultó, aliipenda ishara hiyo baada ya kumwona mwendesha pikipiki za mbio wa Kiingereza akiwaonyesha mafundi wake kwamba mambo yanakwenda safi. Hapo mwanzo Waingereza walipanda mapikipiki mazito ya mipigo minne. Bingwa wao mkubwa alikuwa Sammy Miller wa Belfast, na Ariel yake ya cc 500 ilikuwa na namba GOV 132. Kwetu ungeisimamia pembeni ukidhani ni ya serikali. Mwaka 1964 Bultó akamwita Hispania amsaidie kutengeneza pikipiki nyepesi ya mipigo miwili. Mwaka uliofuata Miller akashinda Scotland akiwa juu ya hiyo Sherpa, na zile nzito zikaanza safari ya kwenda makumbusho. Mashindano ya dunia yalipoanzishwa mwaka 1975, bingwa wa kwanza alikuwa Martin Lampkin, mtu wa hapa hapa Yorkshire, naye alipanda Bultaco. Jina la Lampkin likitajwa baa, wazee wanashusha glasi.

Mzee aliinunua ikiwa vipande ndani ya maboksi, pistoni imegandia kwenye silinda. Kuifufua ndiyo starehe yenyewe, naona kuliko hata kuipanda. Siku ya kufunga beringi mpya aliziweka usiku kucha kwenye friza ili zisinyae, juu ya pakiti ya njegere. Asubuhi akaingiza kasha la injini kwenye oveni lipate moto na kutanuka. Likitoka, beringi inatumbukia yenyewe bila nyundo, na kweli ilitumbukia, nimeona kwa macho yangu. Ila oveni ni ya mkewe, na kuku wa Jumapili ile alinukia gereji. Mama yule hakugomba. Alimsogezea mzee sahani, akasimama pale hadi akala yote.

Tangi nalo lina hadithi yake. Ni la faiba, na petroli ya huku tangu Septemba 2021 ina ethanoli hadi asilimia kumi, na ethanoli inaila ile gundi ya faiba. Ukiliacha limejaa, linalainika polepole na uteute wake unaziba kabureta. Kwa hiyo kila baada ya kupanda anamwaga mafuta yote, analipangusa na kulikausha. Boda gani itaendeshwa hivyo?

Na kuna serikali. Huku chombo kikitimiza miaka 40 hakidaiwi tena ukaguzi wala kodi ya barabara. Kinahesabiwa mzee, kinaheshimiwa. Kwetu gari likizidi miaka minane tu linaongezewa ushuru wa uchakavu bandarini. Hii pikipiki ina miaka zaidi ya 50. Sitaki hata kuwaza uso wa afisa forodha.

Kwa hiyo, kaka, Sherpa haiji. Fedha ya kuanzia Boxer ya mkopo nitatuma mwisho wa mwezi, na mkataba wa hesabu uandikwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.

Mjomba fundi, kuna jambo nakuomba wewe uliyetengeneza Vespa miaka mingi. Pikipiki inawaka kwa kiki moja ikiwa baridi. Ikishapata moto, moto wa plagi unapotea hadi ipoe. Platini mzee amezisafisha na kuzipima upya, kondensa amebadilisha, plagi ni mpya. Mimi nasema ni koili, yeye anabisha. Mashindano ni Jumapili hii, tafadhali nijibu kwa sauti kabla ya Alhamisi, na uongee taratibu, maana nitakuwa namtafsiria.