Busara ya Abingdon
Wanaoibeza MGB, gari la michezo lililoundwa Abingdon, Uingereza, kati ya 1962 na 1980, hawana shukrani. Nati za bushi za springi za nyuma zimepangwa kwa busara: ukitaka kuzifikia vizuri, inua gari kwa jeki, ukitaka kuzikaza, lishushe kwanza, maana mpira wa bushi uliokazwa springi zikining'inia hupindika gari likitua, na haukawii kuchanika. Basi unalala chali chini ya tumbo linalokaribia kugusa sakafu, spana ikizunguka kiduchu kiduchu, kutu ikikudondokea machoni. Daktari wa meno, kwa uvivu wake, hudai mdomo ufunguliwe kwanza. Nati zingekazwa kirahisi, mwenye gari angebaki na Jumapili nzima tupu, na pengine angeishia kuliendesha.