Namna ya Kugandisha Damu Bila Kutoka Kitandani

Umepasuliwa salama, umelazwa hospitali ya Sendwe, Lubumbashi, na ukoo mzima umeshateremka kutoka Katuba na Ruashi na masufuria kichwani. Daktari kamaliza yake. Iliyobaki ni kazi yako na jamaa zako: kulitafutia bonge la damu makao mguuni.

Mtaji unao. Mwili ukishakatwa, damu huganda upesi zaidi ili jeraha lisivuje, na hali hiyo huendelea kwa wiki kadhaa hata nyuzi zikishatolewa. Mishipa nayo huenda imejeruhiwa. Rudolf Virchow, daktari Mjerumani aliyeandika habari hizi mwaka 1856, amebaki na jina katika mambo matatu ambayo madaktari huyataja hadi leo: mshipa kuumia, damu kuwa tayari kuganda, na damu kutulia. Mawili umepewa na kisu. La tatu ujitahidi mwenyewe.

Basi lala. Damu ya miguuni haipandi moyoni kwa maombi. Husukumwa na misuli ya shavu la mguu kila unapokunja na kukunjua wayo. Kwa hiyo nyayo zako zisicheze hata kidogo. Muuguzi akija kusema ukae, usimame, ufike hata mlangoni, waachie wa nyumbani.

"Yaya, usishuke! Unataka nyuzi zikatike?"

"Lakini munganga amesema..."

"Munganga ana kwake. Sisi ndio wenye mgonjwa."

Hapo shangazi atakuchomekea blanketi kila upande, maana Juni ya Lubumbashi ina baridi kweli, atakuwekea mito miwili chini ya magoti, kisha atakumegea bukari tonge kwa tonge. Hutanyoosha hata mkono.

Maji usinywe. Anayekunywa maji huenda msalani, na kwenda msalani ni kutembea. (Bia ya Simba aliyoificha shemeji mfukoni haihesabiwi kuwa maji.)

Sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda zinahitaji baraza la ukoo. Karatasi ya dawa ipelekwe kwa mjomba anayeshika pesa, naye aulize kwa sauti: "Sindano ya nini tena, na jeraha limeshafungwa?" Swali hilo halina jibu fupi, kwa hiyo litashinda. Zinunuliwe mbili, ile ya tatu isubiri, na pesa zilizobaki ziongezee vinywaji vya wageni.

Ukiruhusiwa kutoka, usikae mjini. Panda gari siku hiyohiyo uende Kolwezi ukaonwe na jamaa wengine: kilomita kama 300, kiti cha nyuma, magoti kidevuni, mfuko wa unga mapajani. Dereva asiombwe kusimama.

Matunda huonekana katika mguu mmoja. Shavu linavimba, linauma, lina joto, na mwenzake hana habari. Sasa aletwe binamu mwenye mikono ya nguvu na mafuta ya kuchua, akande kuelekea juu, ili bonge ling'oke vizuri na kushika njia ya mapafu. Ukianza kuhema ghafla, kifua kikachoma ukivuta pumzi, au ukakohoa damu, sema ni vumbi la barabara. Mtu yeyote asikukimbize hospitali; wale watalinganisha miguu yako miwili, watakuchoma heparini ya kuzuia damu kuganda, na jitihada za ukoo mzima zitapotea bure.