Namna ya Kuwapenda Watakatifu Bila Kusumbuliwa Nao

Ndugu yangu, usitishike. Wapo wanaodhani kwamba ukimpenda mtakatifu lazima ufanane naye. Waache na uchovu wao. Ukifuata ushauri huu utakuwa na watakatifu ukutani, shingoni na kwenye kioo cha gari, na mambo yako yataendelea kama yalivyokuwa.

1. Chagua somo wako kwa sikio. Katekista akikuuliza unataka jina gani la kipaimara, usianze kusoma maisha ya watu. Litamke jina, usikie linavyojaza mdomo. Maksimiliani, kwa mfano: jina zito, linakaa vizuri kwenye kadi ya mwaliko. Ukiulizwa alikuwa nani, jibu kwamba alikuwa padre wa Poland, kisha badili mazungumzo. Ukiropoka kwamba mwaka 1941 huko Auschwitz alijitolea kufa badala ya mfungwa mwenzake aliyekuwa na mke na watoto, wanajumuiya watakukodolea macho kila bahasha ya michango inapopita.

2. Mpe kila mmoja kazi. Hapa ndipo penye utamu wenyewe. Yuda Tadei mwachie mambo yaliyoshindikana, yaani yale uliyoyaahirisha mpaka yakashindikana. Antoni wa Padua ashughulike na vilivyopotea: funguo, simu, kitambulisho. Inasimuliwa kwamba mnovisi mmoja alitoroka na kitabu cha Zaburi cha Antoni. Antoni akasali, kijana akarudi mbio akitetemeka, kitabu mkononi. Huyo ndiye mtu wa kumtuma! Wareno na Wabrazili wamefika mbali zaidi: binti aliyechoka kusubiri mchumba humgeuza Antoni kichwa chini miguu juu mpaka mume apatikane. Sisi bado tuna haya.

Ila soma maisha yake kwa tahadhari. Antoni huyohuyo aliwahubiri vikali wakopeshaji wa riba, na kwa ombi lake mji wa Padua ulipitisha sheria mwaka 1231 kwamba mdaiwa asiyeweza kulipa, akishakabidhi mali yake, asifungwe gerezani. Ukurasa huo uruke, hasa kama unakopesha majirani kwa riba ya asilimia thelathini kwa mwezi. Wewe mwombe akutafutie funguo za bodaboda uliyomnyang'anya mdaiwa wako, basi.

3. Kwa mitihani yupo Yosefu wa Cupertino, fransiskani wa Italia aliyekuwa mzito mno darasani. Wanasema siku ya mtihani wa upadre askofu aliwauliza wachache wa kwanza, wakajibu vizuri ajabu, akawapitisha wote waliobaki bila swali, Yosefu akiwamo. Sali novena yake siku tisa mfululizo. Daftari usiliguse: utaonekana huna imani.

4. Wasengenye watu kwa njia ya sala. Mtakatifu Monika alimlilia mwanawe Agustino kwa miaka mingi, faraghani, mbele ya Mungu. Wewe mlilie mtoto wa jirani, hadharani, siku ya jumuiya, ukifika wakati wa nia. Funga macho. Shusha sauti. "Tumwombee kijana wa mama yetu wa pale kona, Bwana amwondolee pombe na yule mwanamke wa Tandika." Wote wataitikia, na hakuna atakayethubutu kusema umesengenya. Agustino naye anafaa: ujanani alimwomba Mungu usafi wa maisha, huku akitamani jibu lichelewe kidogo. Mfuate hadi hapo. Alibatizwa Milano mwaka 387, lakini hayo ni mambo ya uzeeni, na wewe bado kijana wa miaka hamsini na mbili.

5. Tuma picha za Teresia. Huyu mtawa wa Lisieux, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, ana sura nzuri na mawaridi mengi. Anapendeza sana kwenye kundi la kwaya. Usijichanganye na ile "njia ndogo" yake. Ni ndogo kwa jina tu. Nyuma yake kanisani alikaa sista mwenye kutoa mlio wa kukera kila jioni wakati wa tafakari. Teresia alikuwa akilowa jasho kwa kujizuia asigeuke kumtazama, mwisho akaamua kuusikiliza mlio ule kama muziki. Penye kufulia, mwenzake alikuwa akimrushia maji machafu usoni, hakujifuta. Umeona hatari yake? Tuma waridi asubuhi, pamoja na "siku njema wapendwa". Usiku saa tano mwandikie mwalimu wa kwaya faraghani kwamba yule mama wa sauti ya pili anaharibu wimbo, na apumzishwe kabla ya Pasaka.

6. Nenda Namugongo. Tarehe 3 Juni, penye watu waliotembea kwa miguu siku nyingi, wewe shuka kwenye basi lenye kiyoyozi ukiwa na kitenge cha Mashahidi wa Uganda. Piga picha na basilika nyuma yako. Nguzo zake 22 ni kwa ajili ya wale mashahidi 22 ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mwaka 1964. Ukizitaja, wenzako watajua umesoma. Usiende mbele zaidi. Karoli Lwanga alichomwa moto mahali hapo mwaka 1886 kwa kushika imani yake, na kwa kuwakinga wavulana wa ikulu na matakwa ya Kabaka Mwanga. Alikuwa mkubwa wao. Angeweza kutazama pembeni.

Ukirudi kazini, bosi akikuletea risiti za semina ambayo haikufanyika, saini. Usimkawize. Kitenge ni cha Juni, na sasa ni Septemba.