Kodi Zote Atalipa Mwenye Nyumba

Nilikuwa nimesoma sheria muhula mmoja na nusu nilipoanza kuitwa wakili. Aliyenipa cheo hicho ni mama mwenye ploti tunayoishi hapa Migosi, nami sikumsahihisha.

"Nyathina, niandikie mkataba wa nyumba," aliniambia jioni moja. "Kizungu usiweke. Hawa vijana wakidaiwa husema hawakuelewa."

Mpaka siku hiyo mikataba yake ilikaa kwenye daftari la shule. Chumba cha nne, elfu sita, tarehe tano, ukishindwa unahama. Niliitazama kwa huruma.

Nikashuka saiba ya Kondele, nikapakua mkataba wa ghorofa fulani la Nairobi, nikaanza kutafsiri. Lifti niliifuta. Bwawa la kuogelea lilinipita, na watoto wa ploti waliliulizia wiki nzima.

Mhadhiri wetu alikuwa ametukaririsha: neno moja, maana moja, mwanzo hadi mwisho. Basi kifungu cha 1 nikafafanua: "Kodi" ni malipo ya chumba ya kila mwezi, shilingi 6,000. Nilipofika cha 11, Kiingereza kilikuwa na neno lake kwa malipo ya chumba, lingine kwa yale ya ardhi yaendayo kaunti, na lingine kwa ya serikali. Kiswahili changu kilikuwa na moja tu. Nikaandika: "Kodi zote zihusuzo nyumba zitalipwa na Mwenye Nyumba." Chini kabisa, kwa herufi nzito: Imeandaliwa na, jina langu lote, chumba cha 7.

Nililipwa ngege wawili wa kukaanga, na ugali.

Tarehe tano ilipofika, kijana wa chumba cha nne, fundi wa pikipiki, hakutoa hata shilingi. "Mama, mimi siwezi kuvunja mkataba. Soma kumi na moja, kisha urudi moja."

Nilikimbilia Sura ya 296, sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Kumbe inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Migosi, kwa pesa hizo labda upangishwe kivuli cha mwembe. Katika kupekua nikaangukia Sheria ya Mawakili, Sura ya 16. Kifungu cha 34 kinamkataza asiye wakili kuandaa hati za aina kadhaa, au kupokea malipo kwa kazi hiyo. Cha 35 kinamtaka mwandishi wa hati hizo aweke jina na anwani yake. Hicho peke yake ndicho nilichokitimiza barabara.

Nikamwendea mama jikoni.

"Mama, wale ngege hawakuwa malipo, sivyo?"

"Walikuwa nini?"

"Chakula tu."

Akafuta mikono kwenye leso, akafungua daftari lake, akaandika: Chumba cha saba, ngege wawili, mia nane, tarehe tano.

Nikausoma mkataba huo mara tatu nikitafuta mwanya.