Mapezi ya Gari

Mwaka 1948 Cadillac ya Marekani iliota mapezi mawili nyuma, yaliyoigwa kwenye ndege ya kivita ya P-38. Wanunuzi wakapagawa. Kufikia 1959 mapezi yalikuwa yamerefuka kupindukia, kila moja limevishwa taa mbili zenye umbo la risasi. Gari halikuruka, halikuogelea, wala halikubana matumizi ya mafuta.

Mwaka huohuo, Uswidi, Volvo ilianza kufunga kwenye magari yake mkanda unaoshika bega na kiuno, kazi ya mhandisi Nils Bohlin. Utepe tu: hauwaki, haung'ai, na jirani hauoni. Unachojua ni kuokoa roho.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Inaonekana hawakuwahi kununua gari.